Sura ya Saba: Bei ya Mdakaji

Jumatatu ya tarehe 14 Machi 2022, klabu ya Jacksonville Jaguars ilikubaliana na Christian Kirk mkataba wa miaka minne wa dola milioni 72. Kirk alikuwa mdakaji mzuri, mtu wa kukimbia na kudaka pasi, lakini hakuwa nyota. Katika misimu minne aliyoichezea Arizona Cardinals hakufikisha yadi 1,000 hata msimu mmoja, nazo yadi 1,000 ndizo mashabiki wa mpira wa Marekani wanazozitumia kumtambua mdakaji wa daraja la juu. Kejeli zikaanza siku hiyo hiyo: Jaguars wamepigwa.

Mawakala wa wachezaji walikuwa na hesabu nyingine. Ikiwa Kirk analipwa dola milioni 18 kwa mwaka, yule aliyemzidi Kirk kwa mbali alipwe ngapi? Mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku tatu baadaye Green Bay Packers walikubali kumwachia Davante Adams aende Las Vegas Raiders, akapewa miaka mitano na zaidi ya dola milioni 140. Tarehe 23 Machi Kansas City Chiefs walimtoa Tyreek Hill kwa Miami Dolphins, akapata miaka minne na dola milioni 120. Tarehe 28 Aprili, usiku wa drafti ya wachezaji chipukizi, Tennessee Titans walimtoa A.J. Brown kwa Philadelphia Eagles, naye akasaini miaka minne na dola milioni 100. Katika muda usiotimia miezi miwili, klabu tatu ziliagana na wadakaji wao bora, na soko la nafasi hiyo likahama daraja.

Tangu hapo limekuwa likirudiwa neno moja: wadakaji wamekuwa ghali mno, wanazimaliza bajeti za klabu. Nusu ya neno hilo ni kweli. Nusu ya pili huanza kuyumba ukiacha kuhesabu dola na kuanza kuhesabu mgawo.

Mkoba wenye kikomo

Msomaji aliyezoea Ligi Kuu ya Uingereza, au mvutano wa usajili kati ya Simba na Yanga, anajua kwamba tajiri akimtaka mchezaji hufungua mkoba na mambo yakaisha. Katika ligi ya NFL tajiri hana uhuru huo. Kuna kikomo cha mishahara, kilichoanzishwa 1994, na kikomo hicho ni kilekile kwa klabu zote 32, iwe ya New York au ya Green Bay, mji wenye watu laki moja na ushei. Mwaka ule wa kwanza kilikuwa dola milioni 34.6. Mwaka 2025 kilifika dola milioni 279.2. Ndani ya kiasi hicho klabu inatakiwa kulipa kikosi cha wachezaji 53.

Kikomo kinapanda kwa sababu kimefungwa kwenye mapato ya ligi. Kwa makubaliano ya 2020 kati ya wamiliki na chama cha wachezaji, wachezaji wanapata si chini ya asilimia 48 ya mapato ya pamoja. Mwaka 2021, baada ya msimu wa korona uliochezwa viwanjani bila watu au na watu wachache, kikomo kilishuka hadi dola milioni 182.5. Lakini Machi mwaka huohuo ligi ilitangaza mikataba ya matangazo ya televisheni ya miaka 11 yenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 100. Kila mkurugenzi wa klabu alijua kinachokuja. Miaka mitatu baadaye kikomo kilikuwa dola milioni 255.4. Hivyo mikataba ya 2022 iliyowashangaza watu iliandikwa na watu waliokuwa wakiziona fedha hizo zikija.

Kuna kanuni mbili nyingine ambazo bila kuzielewa sura hii haieleweki. Ya kwanza ni ya chipukizi. Tangu 2011 mshahara wa mchezaji anayetoka chuo kikuu hupangwa na nafasi aliyochaguliwa kwenye drafti, kwa miaka minne, na klabu ina haki ya kuongeza mwaka wa tano kwa waliochaguliwa raundi ya kwanza. Justin Jefferson alipochaguliwa na Minnesota Vikings mwaka 2020 alipata takriban dola milioni 13 kwa miaka yote minne. Kwa mchezaji aliyekuja kuwa bora katika nafasi yake, hizo ni fedha za kutupa.

Ya pili ni ya uhasibu. Fedha za kusaini anazolipwa mchezaji leo zinaweza kugawanywa kwenye vitabu kwa miaka isiyozidi mitano. Mchezaji ameshazitia mfukoni, klabu bado inazihesabu. Akiuzwa au kuachwa kabla ya muda, sehemu iliyobaki inaiangukia klabu ikiwa fedha mfu: inakula nafasi ya kikomo kwa ajili ya mtu anayevaa jezi ya wengine.

Kwa nini wadakaji

Mchezo wenyewe ndio uliowapandisha. Hadi miaka ya 1970 beki aliweza kumsukuma na kumgonga mdakaji uwanja mzima, na mpira ulisogezwa zaidi kwa wakimbiaji kuliko kwa pasi. Mwaka 1978 kanuni ilibadilishwa: beki aruhusiwe kumgusa mdakaji ndani ya yadi tano tu kutoka mstari wa kuanzia. Mwaka 2004 waamuzi waliagizwa kuisimamia kanuni hiyo kwa ukali. Kila badiliko lilimpa mdakaji hatua moja zaidi ya uhuru, na kwa mtu mwenye mbio kama za Tyreek Hill hatua moja ndiyo tachidauni, yaani bao.

Lipo pia suala la kwotabeki, mchezaji anayeupokea mpira mwanzoni mwa kila shambulizi na kuamua aurushie wapi. Klabu inayomlipa kwotabeki wake mamia ya milioni haiwezi kumwacha arushe hewani. Klabu yenye kwotabeki kijana asiyejulikana bado kama ataiva inahitaji mdakaji wa uhakika ili kumjua. Kwa hiyo aliyebahatika na aliyekwama wote wanafika dukani kutafuta bidhaa ileile.

Mtu angetegemea wingi wa wadakaji uishushe bei. Vyuo vinawatoa kwa wingi: raundi ya kwanza ya drafti iliwachukua sita mwaka 2020, sita mwaka 2022 na saba mwaka 2024. Lakini drafti ni bahati nasibu yenye tiketi nzuri. Mwaka 2020 Eagles, wakiwa nafasi ya 21, walimchagua Jalen Reagor. Nafasi ya 22 Vikings wakamchagua Jefferson. Titans walipomtoa Brown walimchukua Treylon Burks kwa nafasi ya 18 waliyolipwa, na Burks hakufikisha yadi 500 katika msimu wowote kati ya mitatu yake ya kwanza. Disemba 2022 Eagles waliwafunga Titans 35 kwa 10, Brown akiwa na yadi 119 na tachidauni mbili. Siku mbili baadaye Titans walimfukuza meneja mkuu wao, Jon Robinson. Kinacholipiwa katika mkataba mkubwa ni uhakika, na chipukizi kumi hawauzi uhakika wa mtu mmoja aliyekwisha kuonekana.

Kuisoma namba

Mkataba unapotangazwa, magazeti huandika jumla na wastani wa mwaka. Namba hizo mara nyingi zimeandaliwa na wakala ili mteja wake aonekane ameshika rekodi. Mkataba wa Hill ulikuwa na wastani wa dola milioni 30, lakini mwaka wa mwisho peke yake ulibeba takriban milioni 45 zisizo na dhamana, fedha ambazo kila aliyekuwa mezani alijua huenda zisilipwe kamwe. Ondoa mwaka huo, na wastani unashuka hadi karibu milioni 25. Mkataba wa Adams ulipambwa kwa mtindo huohuo mwishoni. Heri kenda shika kuliko kumi nenda uje: mchezaji mwenye busara hutazama kwanza fedha zilizodhaminiwa. Hapo ndipo soko limebadilika kweli. Jefferson aliposaini Juni 2024 kwa dola milioni 140, milioni 110 zilikuwa na dhamana. Ja'Marr Chase wa Cincinnati Bengals aliposaini Machi 2025 kwa dola milioni 161, milioni 112 zilikuwa na dhamana, na wastani wake ulivuka dola milioni 40 kwa mwaka.

Sasa weka namba hizo juu ya kikomo cha mwaka wake. Mwaka 2011 Larry Fitzgerald alisaini na Arizona kwa wastani wa dola milioni 15. Kikomo kilikuwa kama milioni 120, kwa hiyo alikuwa asilimia 12 na nusu. Mwaka 2012 Calvin Johnson wa Detroit Lions alizidi asilimia 13. DeAndre Hopkins mwaka 2020 alikaribia asilimia 14. Hill mwaka 2022, kwa wastani ule uliopambwa, alikuwa asilimia 14.4. Na Chase, mtu wa milioni 40? Asilimia 14.4.

Kwa miaka 14, basi, mdakaji ghali kuliko wote ameongeza kama hatua mbili za asilimia. Dola zimezidi mara mbili na nusu. Mgawo umesogea kidogo. Anayesema mdakaji nyota ameimeza bajeti ya klabu anasahau kwamba bajeti nayo imekua, tena kwa mwendo uleule.

Kilichopanda kipo mahali pengine, na ni vitu viwili. Cha kwanza ni mdakaji wa pili. Mwaka 2019 Julio Jones wa Atlanta Falcons alikuwa mdakaji anayelipwa zaidi katika ligi nzima: dola milioni 22 kwa mwaka, chini kidogo ya asilimia 12 ya kikomo. Mwaka 2024 Jaylen Waddle, aliyekuwa mdakaji wa pili wa Miami nyuma ya Hill, alisaini kwa wastani wa zaidi ya dola milioni 28, yaani asilimia 11. DeVonta Smith, wa pili wa Philadelphia, alikaribia asilimia 10. Tee Higgins, wa pili wa Cincinnati, alivuka 10. Bei ya mfalme wa 2019 imekaribia kuwa bei ya makamu wa leo. Hiyo ndiyo kazi halisi aliyoifanya Christian Kirk: hakuinua kilele, aliinua ngazi za katikati.

Cha pili ni kwotabeki. Drew Brees alipopata dola milioni 20 kwa mwaka kutoka New Orleans Saints mwaka 2012, alikuwa karibu asilimia 17 ya kikomo. Joe Burrow wa Cincinnati aliposaini Septemba 2023 kwa wastani wa dola milioni 55, alikuwa zaidi ya asilimia 24. Mdakaji mkuu aliongezewa kijiko kimoja. Kwotabeki aliongezewa sahani.

Wanaolipa gharama

Katika mkoba wenye kikomo, ongezeko la mmoja hutoka kwa mwingine. Waliotoa zaidi ni wakimbiaji, wale wanaoubeba mpira kifuani katikati ya msongamano. Kipimo kizuri ni ile tagi ya ligi, mshahara wa mwaka mmoja ambao klabu inaweza kumfunga nao mchezaji anayemaliza mkataba. Kiasi chake hukokotolewa kwa kutazama wanaolipwa zaidi katika nafasi yake. Mwaka 2017 tagi ya mkimbiaji ilikuwa dola milioni 12.1 na ya mdakaji milioni 15.7. Mwaka 2023 ya mdakaji ilipanda hadi milioni 19.7, na ya mkimbiaji ikashuka hadi milioni 10.1. Kikomo kinapanda, nafasi nzima inashuka: katika mchezo wa kulipwa hilo ni jambo la nadra.

Wengine ni wale wa tabaka la kati: beki mwenye miaka saba kazini, mlinzi wa akiba anayejua kila mbinu, watu waliokuwa wakilipwa milioni tano au sita. Klabu yenye nyota watatu wa gharama huwaacha hao na kuwaweka vijana wa mshahara wa chini kabisa. Kwenye karatasi kikosi bado ni cha watu 53. Uwanjani, mtu wa kwanza akiumia ndipo pengo linapoonekana.

Cincinnati ni mfano ulio wazi. Machi 2023, wakijua mikataba mikubwa iko njiani, walimwacha beki wao Jessie Bates aende Atlanta kwa dola milioni 64. Mwaka 2024 D.J. Reader, nguzo ya katikati ya ulinzi wao, alikwenda Detroit. Msimu huo wa 2024 Chase aliongoza ligi kwa mipira aliyodaka, 127, kwa yadi, 1,708, na kwa tachidauni za kudaka, 17. Burrow aliongoza ligi kwa yadi za kurusha na kwa tachidauni, 43. Na Bengals walishinda mechi 9, wakapoteza 8, wakakosa hata hatua ya mtoano, kwa kuwa ulinzi wao ulivuja. Miezi michache baadaye klabu iliwapa Chase na Higgins mikataba mipya kwa pamoja. Ukijumlisha wastani wa mwaka wa Burrow, Chase na Higgins unapata dola milioni 124, sawa na asilimia 44 ya kikomo cha 2025. Uhasibu unaweza kuzisambaza fedha hizo huku na huku kati ya mwaka na mwaka, lakini hauzifuti.

Njia tatu

Klabu zimejibu kwa namna tofauti. Chiefs waliuza. Kwa Hill walipata machaguo matano ya drafti, wakayatumia kupata vijana, akiwemo beki Trent McDuffie, waliyempata baada ya kubadilishana chaguo la Miami na mengine ili wapande nafasi. Wengi walitabiri kwotabeki wao, Patrick Mahomes, atakosa wa kumrushia. Chiefs wakatwaa Super Bowl, fainali ya ligi, Februari 2023, wakatwaa tena Februari 2024. Hata hivyo, kabla ya kuigeuza hadithi hiyo kuwa kanuni, ikumbukwe kwamba Titans nao waliuza, mwaka uleule, na wakaporomoka. Chiefs walikuwa na Mahomes na mkongwe wa kumdakia mipira, Travis Kelce. Titans walikuwa na tumaini.

Buffalo Bills waliuza kwa kuchelewa na kwa uchungu. Aprili 2024 walimpeleka Stefon Diggs Houston, wakabaki na zaidi ya dola milioni 31 za fedha mfu kwenye vitabu vya mwaka huo. Walilipa mshahara wa nyota bila nyota. Msimu huo hakuna mdakaji wao aliyefikisha yadi 1,000. Aliyeongoza, Khalil Shakir, alipata 821. Walishinda mechi 13 kati ya 17, na kwotabeki wao, Josh Allen, akachaguliwa mchezaji bora wa ligi.

Eagles walilipa, lakini mapema na kwa mpangilio. Brown aliongezewa Aprili 2024 kwa dola milioni 96 za miaka mitatu, Smith akasaini mwezi huohuo, na kwotabeki Jalen Hurts alikuwa ameshapata dola milioni 255 mwaka mmoja kabla. Meneja mkuu wao, Howie Roseman, amekuwa bingwa wa kusogeza gharama mbele, akitegemea kwamba kikomo cha kesho kitazifanya zionekane ndogo. Upande wa ulinzi aliujaza vijana wa mikataba ya chipukizi, kama Jalen Carter na Quinyon Mitchell, na watu wa bei ya chini kama Zack Baun, aliyesajiliwa kwa dola milioni 3.5. Kisha akaenda kwenye soko ambalo kila mtu alilikimbia, soko la wakimbiaji, akamchukua Saquon Barkley kwa chini ya dola milioni 13 kwa mwaka. Barkley akakimbia yadi 2,005. Februari 2025 Eagles waliwafunga Chiefs 40 kwa 22 katika Super Bowl. Ushindi huo ulikuwa na wadakaji wawili ghali ndani yake, na ulitegemea mkimbiaji rahisi na ulinzi wa vijana.

Jozi ya Minnesota

Hakuna klabu iliyotoa jaribio safi kuliko Vikings. Machi 2020 walimuuza Diggs kwa Buffalo, na kati ya walichopata ni chaguo la 22, walilolitumia kumchukua Jefferson. Kwa miaka minne walikuwa na mdakaji bora duniani kwa bei ya chipukizi. Ingekuwa kweli kwamba gharama ya mdakaji ndiyo inayoziangusha klabu, miaka hiyo ingekuwa ya neema. Lakini kwotabeki wao, Kirk Cousins, alikuwa miongoni mwa wanaolipwa zaidi katika ligi. Katika misimu minne Vikings waliingia hatua ya mtoano mara moja tu, wakatolewa na New York Giants katika mechi ya kwanza.

Mwaka 2024 mizani iligeuka. Cousins aliondoka, Jefferson akapata dola milioni 140 zake, na nafasi ya kwotabeki ikajazwa na Sam Darnold kwa dola milioni 10, huku kijana J.J. McCarthy akisubiri kwa mshahara wa drafti. Mdakaji ghali, kwotabeki rahisi: Vikings walishinda mechi 14, wakapoteza tatu. Nao wakatolewa mtoano katika mechi ya kwanza, safari hii na Los Angeles Rams, kwa kuwa hesabu nzuri hukununulia nafasi ya kupambana, haikununulii kombe.

Misimu hiyo mitano inalijibu swali la sura hii kuliko rekodi yoyote ya mshahara. Mdakaji alikuwa yuleyule, mikono ileile, nafasi ileile uwanjani. Alipokuwa wa bei ya kutupwa klabu ilihangaika, na alipokuwa ghali kuliko wenzake wote klabu ilishinda mechi nyingi kuliko wakati wowote akiwa nao. Mshahara wa mdakaji peke yake haukuambii kama klabu imejipanga au imejikaba koo. Inabidi uuweke kando ya mshahara wa anayemrushia mpira, na wa yule wa pili anayekimbia upande wa pili wa uwanja, kisha uangalie kilichobaki kwa wale hamsini wengine.